Mama Zimua na Kisima cha Fundi Matope

Ukitaka kumjua Mama Zimua vizuri, mtazame anavyokunywa chai. Anamimina nusu kikombe, anaongeza maji ya moto, anaonja, anakunja uso, anaongeza tena. Dada yake mkubwa, anayekaa naye nyumba moja, ameshasema mpaka mate yamemkauka: "Mdogo wangu, hiyo si chai. Hayo ni maji yaliyopita karibu na majani." Wapi! Kazi imemwingia mwilini, na mwenyewe hana habari.

Kazi yenyewe si ya kuambiwa ukiwa umesimama, kwa hiyo vuta kiti. Pale ofisi ya maji, nyuma ya stoo ya mabomba, kuna chumba chenye meza ndefu ya vigae vyeupe, sinki mbili, friji linalokoroma, na kabati la umeme ambalo joto lake ni lile lile la mwili wa binadamu. Hapo ndipo maji ya mji mzima huletwa kujieleza. Yakiwa kwenye chupa yanang'aa, huwezi kuyadhania ubaya hata kidogo. Lakini vijidudu vya kuharisha havionekani kwa macho, na vikiwa vingi ndiyo kabisa havihesabiki. Sasa yeye anafanyaje? Anazimua. Anavuta kipimo kimoja cha maji kwa pipeti, anakitia kwenye mrija wenye vipimo tisa vya maji yaliyochemshwa mpaka hayana kiumbe hai. Anatikisa. Hayo yamezimuka mara kumi. Kutoka hapo anavuta tena kipimo kimoja, anakitia kwenye mrija wa pili wenye tisa kama yale. Mara mia. Mrija wa tatu, mara elfu. Halafu kutoka kila mmoja, na kutoka kwenye maji yenyewe, anadondosha kidogo kwenye kisahani chenye rojo lililoganda, ambalo ndilo chakula cha vijidudu, anafunika, anaviweka vyote kwenye lile kabati la joto, anakwenda zake nyumbani. Kesho yake kila kijidudu kilichokuwa hai kimeshazaa ukoo mzima, na ukoo wenyewe umekuwa kidoa cha kuonekana. Kisahani cha maji yasiyozimuliwa vidoa vimepandana, huwezi kutenganisha kimoja na kingine. Kinachofuata vimepungua. Cha mwisho unahesabu kwa ncha ya kalamu. Ukishahesabu pale panapohesabika, unazidisha kurudi nyuma, na siri ya kisima iko mkononi mwako.

Basi mtu akifanya hivyo miaka na miaka, atazimua tu kila kitu. Majirani wakigombana ukutani, yeye hutoka na kanga yake begani akasema, "Hebu tulizimue hili. Kwanza nani alimwaga maji ya taka, halafu ndiyo tuje kwenye matusi." Watu wakicheka, ugomvi umekwisha. Jina la Mama Zimua lilizaliwa hapo, na jina lake la kwenye kitambulisho sasa analijua yeye na serikali.

Alikuwa amevuka arobaini. Aliwahi kuolewa, ndoa ikaisha bila sahani kuvunjika, kila mmoja akachukua mto wake. Tangu hapo alikuwa amelifunga faili la wanaume. Si kwa uchungu; alilifunga tu, kama unavyofunga dirisha mvua ikianza. Dada yake ndiye aliyekuwa hakubali. Kila mgeni wa kiume aliyepita mlangoni, hata fundi wa umeme, dada alimkaribisha kwa sauti ya asali na kumuuliza kama wazazi wake wako hai.

Ndipo akaja Fundi Matope.

Huyu alikuwa mchimbaji wa visima, mrefu, mwenye viganja vipana na kicheko cha kutikisa madirisha. Jina la Matope alilipata kwa kisima chake cha kwanza kabisa, ambacho badala ya maji kilitoa uji mweusi mbele ya umati uliokuja kushangilia. Mji haukumsamehe. Siku ya kwanza alifika maabara na maji kwenye chupa ya soda.

"Baba, maji ya kupimwa hayaletwi kwenye chupa ya soda," Mama Zimua alimwambia. "Nitakuwa nampima aliyeinywa hiyo soda."

Akaenda, akarudi na maji kwenye mtungi wa jamu. Akafukuzwa tena. Mara ya tatu alikuja mikono mitupu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mifuko.

"Leo hujaleta maji?"

"Leo nimekuja mimi mwenyewe kupimwa."

Lo! Mama Zimua alicheka mpaka pipeti ikamdondoka, na pipeti haijawahi kumdondoka tangu aanze kazi. Tangu siku hiyo hakuwa na lake. Alikuwa akitembea barabarani huku anatabasamu peke yake, akipita nyumba yake na kurudi. Alitia chumvi kwenye chai. Alimsalimia mlinzi wa geti "shikamoo," na mlinzi ni mdogo kuliko yeye. Usiulize kama alijaribu kulizimua hilo penzi, maana alijaribu sana. Alijiambia, tuseme ananipenda sehemu moja tu ya kumi, bado inatosha? Ikatosha. Tuseme sehemu ya mia? Bado ikatosha, na ikabaki.

Fundi naye alikuwa hoi vile vile, ila alikuwa na jambo lake moja, na jambo hilo ndilo lenye hadithi yote. Alikuwa amepewa kazi ya kuchimba kisima cha zahanati, pale wanapojifungulia kina mama, kisima chake mwenyewe cha kwanza tangu ule uji mweusi; vya katikati vyote alichimba kama kibarua wa mafundi wengine. "Mimi siwezi kwenda kwenu kuposa nikiwa Matope," alimwambia. "Shangazi yangu atajitambulishaje? Kisima hiki kikipita maabara, wiki hiyo hiyo watu wangu wako mlangoni kwenu. Kisipopita, sina uso wa kuleta."

"Kikishindwa utakwenda wapi?"

"Nitakwenda kuchimba mbali, mpaka watu wasahau."

Kwa hiyo umeona mtego ulivyokaa. Mwenye kuamua kisima kimepita au hakikupita ni Mama Zimua, kwa mkono wake mwenyewe. Dada yake alipoelezwa alipiga makofi. "Basi si tayari umeolewa! Mpitishie!"

"Dada, maji hayapitishwi. Yanapita."

"Hayo hayo," alisema dada, na siku hiyo hiyo akaanza kuosha mapazia.

Siku ya kuchukua maji ilifika. Kuna utaratibu, na Mama Zimua anaujua usingizini: unapampu kwanza mpaka mkono ulegee, ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke yote yaje yale ya chini kabisa, unauchoma mdomo wa bomba kwa pamba yenye spiriti, ndipo unafungua chupa yako, bila kugusa shingo yake, na kukinga. Alipofika zahanati, Fundi alikuwa amesimama kando ya pampu amevaa shati jeupe, na alikuwa amejipulizia marashi. Tena si kujipulizia, alijimwagia. Inzi walikuwa wanapita mbali.

"Umependeza," Mama Zimua alisema, akaona haya kama msichana wa shule.

"Wewe ndiyo usiseme. Hilo koti jeupe linakufanya uwe kama bibi harusi."

Hebu niambie, mtu akishaambiwa hivyo atakumbuka kupampu mpaka mkono ulegee? Fundi alishika mpini akapampu mara chache, anacheka, anasimulia jinsi jiwe lilivyomgomea alipokuwa chini, Mama Zimua naye anacheka, pamba ikawashwa, chupa ikakingwa, kifuniko kikafungwa. Alirudi ofisini amekumbatia kisanduku cha barafu chenye chupa yake kama mtoto. Alizimua kwa mkono mwepesi, akapanga visahani kwenye kabati la joto, akafunga mlango, akaubusu. Ndiyo, mlango wa kabati. Bosi wake alimwona.

Bosi huyo ni mzee mpole mwenye miwani mizito. Wote wanamwita Daktari, ingawa hajawahi kumgusa mgonjwa. Amesomea vijidudu mpaka mwisho wa vitabu, na kwa utani hana mpinzani. Asubuhi iliyofuata wote wawili waliinama juu ya meza.

Kisahani cha maji yenyewe, yasiyozimuliwa, kilikuwa kitupu. Safi kabisa, hakuna hata kidoa. Moyo wa Mama Zimua uliruka ukagonga dari. Cha mara kumi, kitupu. Moyo ukacheza ngoma huko huko juu. Cha mara mia, vidoa kadhaa. Cha mara elfu, Mungu wangu! Vilikuwa vimetapakaa kila mahali.

"Haya mambo yamekaa kichwa chini," Mama Zimua alisema.

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama, hebu niambie kweli. Jana ulizimua kwa mkono wa kulia au kwa mkono wa Fundi?"

"Daktari!"

"Maana hapa unaniambia kwamba ukimimina maji kwenye mchuzi, mchuzi unakuwa mzito zaidi. Na ukiumwagia bahari nzima utageuka nyama."

Alicheka mpaka akakohoa. Mama Zimua alicheka naye, lakini jasho jembamba lilikuwa linamtoka. Maana yake moja tu: alikuwa amechanganya alama za mirija. Yeye! Hata siku aliyoachika hakuchanganya alama. Alitoa maji yaliyobaki kwenye friji, akaomba Daktari akae kwenye stuli amsimamie, na kila mrija alioushika alitaja kwa sauti kubwa, naye Daktari akiitikia kama watu wanaopokezana matofali. Wakaviweka kwenye joto. Siku hiyo hakupita nyumba yake na kurudi. Alikwenda moja kwa moja na kujifungia chumbani, na dada akaacha kuosha mapazia.

Kesho yake ikawa vile vile. Maji mazito matupu, maji yaliyozimuliwa yamejaa viumbe.

"Basi si wewe," Daktari alisema, na sasa hakuwa anacheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona kitu kitamu. Aliifungua ile chupa ya maji, akaisogeza puani, akavuta pumzi ndefu. "Mama, njoo unuse."

Mama Zimua alinusa. Pua yake, ambayo siku ile ilikuwa imezama kwenye marashi, sasa ilikuwa na akili zake.

"Hii ni harufu ya wodi," alisema polepole. "Wodi ikishadekiwa."

Wakatazamana.

"Dawa ya sakafu!" wakasema pamoja.

Na hapo, ndugu yangu, walianza kurukaruka, mzee na miwani yake na mama na koti lake, kama watoto waliopata likizo, kwa sababu fumbo lilikuwa limefunguka lote. Ndani ya maji kulikuwa na dawa. Kwenye maji yasiyozimuliwa dawa ilikuwa na nguvu, ikavizuia vijidudu visiote. Lakini ukizimua vijidudu unaizimua na dawa, na dawa ndiyo inayochoka kwanza. Kwenye mrija wa tatu ilikuwa imeshaisha makali, vijidudu vikaamka, vikakuta rojo, vikala, vikazaa. Daktari alikuwa amesoma jambo hilo kwenye vitabu na kulitafuta maisha yake yote; sasa alikuwa analitazama mezani. Alitaka kulipiga picha.

Mama Zimua ndiye aliyeacha kuruka wa kwanza. "Daktari, dawa haiingii kisimani yenyewe."

"Hapana, mama," Daktari alisema kwa upole. "Haiingii."

Alikwenda zahanati kwa miguu, na njia nzima alikuwa anajijibu mwenyewe. Amenifanyia hila. Amenichekea usoni ili nisipampu. Yale marashi yalikuwa ya kunifunga pua! Alikasirika mpaka akampita muuza matunda bila kumwitikia. Na katikati ya hasira hiyo kuna kisauti kilikuwa kinamwambia, jamani, lakini alikuwa amependeza.

Fundi alikuwa amepiga magoti analainisha saruji ukingoni mwa kisima. Alipomwona alisimama kwa furaha, mwiko mkononi.

"Umetia dawa kwenye bomba langu?" Mama Zimua alimuuliza, hata salamu hakutoa.

"Nimetia," Fundi alijibu, bila kupepesa. "Chupa nzima. Nilimwomba nesi mkuu ile ya kudekia wodi, nikaimimina yote mdomoni mwa bomba. Kwani haikutosha?"

Mama Zimua alipigwa na butwaa. "Kwa nini, Fundi?"

"Si ulikuwa unakuja wewe!" Fundi alimshangaa kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa suruali. "Mtu akijiwa na mgeni wa heshima hadeki? Nilideki hapa juu, nikadeki pampu, nikasema na ndani nako nideki kidogo, asije akasema huyu bwana mchafu."

Alimtazama. Hakukuwa na hila hata chembe kwenye uso ule. Kulikuwa na mtu mzima, fundi wa miaka mingi, aliyedeki kisima. Kicheko kilimpanda Mama Zimua kutoka kwenye nyayo, akajaribu kukimeza, kikamshinda, akakaa chini palepale kwenye saruji mbichi na kucheka mpaka machozi yakamtiririka. Kina mama waliokuwa foleni na ndoo zao, wakisubiri kisima kifunguliwe, walianza kucheka bila kujua wanacheka nini. Nesi mkuu alitoka wodini kuja kuwanyamazisha, akaelezwa, akashika ukuta.

"Na marashi?" Mama Zimua aliuliza alipopata pumzi.

"Marashi yalikuwa ya kufunika harufu ya dawa. Dawa ilikuwa imenirukia kote, nilinuka kama choo cha hospitali."

Basi wakaanza upya, na safari hii kwa utaratibu. Fundi alipampu mpaka shati likamganda mgongoni, akapokewa na nesi mkuu, nesi mkuu akapokewa na kina mama wa foleni, maji yakamwagika mpaka harufu yote ikaisha na mikono yote ikalegea. Mama Zimua alisimama na chupa yake kando, mdomo ameufumba, hasikilizi hadithi ya jiwe wala ya nini. Akachoma bomba. Akakinga. Akarudi kuzimua.

Visahani vya safari hii, loo, vilikuwa vizuri! Vilishuka kama ngazi: cha kwanza kimefunikwa chote, cha pili vimesongamana, cha tatu vimeachiana nafasi, cha nne vidoa vichache vyenye kung'aa, kila kimoja mahali pake. Katika kazi yake yote hakuwahi kuzimua vizuri namna ile. Daktari alimpa mkono. Na ndani ya uzuri huo huo, maji yalikuwa machafu. Machafu hasa, ya kumlaza mtu mzima, sembuse mtoto wa siku moja.

Daktari aliitwa kwenye kikao. Mama Zimua akabaki na kalamu na karatasi ya majibu. Sasa hapa niseme ukweli wake, maana hakuwa malaika. Aliwaza kile kisahani cha nne. Vidoa vichache mno. Ukiandika hivyo vichache, ukasahau tu kuzidisha, kisima kimepita, na wiki hii hii shangazi wa watu yuko mlangoni na mapazia ni masafi. Daktari angesaini bila kuangalia mara mbili, kwa kuwa anamwamini Mama Zimua. Nani angejua? Wangejua watoto wachanga, na wao hawana mdomo wa kusema. Mkono ulikuwa mzito kama umefungiwa jiwe, lakini ulizidisha. Ukaandika: hayafai. Akaisoma karatasi, akailaza kifudifudi, akasema neno moja ambalo sitaliandika.

Aliipeleka mwenyewe. Angeweza kumtuma dereva, akaona aibu. Alimpa nesi mkuu kwanza, kama inavyotakiwa, na Fundi alikuwa amesimama palepale anafuta mikono.

"Mabaya kiasi gani?" Fundi aliuliza.

"Mabaya, Fundi." Macho yalimjaa maji mbele ya foleni nzima. "Hata kumwogeshea mtoto asiogeshewe. Nimepima nikapima tena. Nisamehe."

Fundi aliinamia pampu. Alichukua spana, akalegeza nati moja moja, akang'oa mpini wa pampu. Foleni ikaanza kunung'unika: tumeamka na giza, tumesimama juani, leo huyu mama wa maabara anatufungia maji!

"Msimlaumu huyu," Fundi alisema. "Kisima ni changu." Akautia mpini begani na kuondoka, hakugeuka nyuma.

Nyumbani, dada alimwona tu mlangoni akajua. "Hukumpitishia."

"Sikumpitishia."

"Na yeye?"

"Amekwenda." Akakaa kwenye kochi. Dada alikwenda kumpikia chai, na akaizimua mwenyewe bila kuambiwa, mpaka ikawa haina rangi. Hapo ndipo Mama Zimua alipolia, na kati ya kulia akacheka, kwa sababu chai ilikuwa mbaya sana. Siku zile zilizofuata alifanya kazi vizuri, alisalimia vizuri, hakupotea njia hata mara moja. Dada alisema afadhali alipokuwa anapotea.

Jumamosi mchana wakasikia hodi. Si hodi ya mtu mmoja. Dada alichungulia dirishani, akatoa macho, akarudi nyuma ameshika kichwa.

"Mdogo wangu, kuna chuma kinakuja."

Mbele alikuwa mama mmoja mfupi, mzee, mwenye sauti ya kuamrisha, na nyuma yake watu wazima kadhaa waliovaa vizuri. Nyuma kabisa alikuwa Fundi, na shati jeupe, na mpini wa pampu bado uko begani kama bunduki ya askari. Dada aliwakaribisha wote kwa pamoja, akawasalimia baadhi mara mbili, akaangusha kiti.

"Mimi ni shangazi yake," yule mama alisema kabla hajakaa. "Na mimi sijaelewa, kwa hiyo msiniulize. Huyu alituapia kisima kikipita tutakuja kuposa. Juzi akaja akasema kisima kimeshindwa. Tukavua viatu. Akasema, vaeni, twendeni. Nikamuuliza, baba, si umesema kimeshindwa? Akasema, shangazi, ndiyo sababu. Na hicho chuma tumemwambia akiache nyumbani, amekataa."

Fundi alipita katikati yao akausimamisha mpini mbele ya Mama Zimua.

"Nimekuja nacho ukae nacho wewe," alisema. "Nimeona kosa liko wapi. Zege la juu limepasuka, maji ya kufulia ya wodi yanapenya mpaka kisimani. Nitalivunja lote nilimwage upya. Nikimaliza utakuja kupima, na wewe ndiye utakayekirudisha kwenye pampu."

"Nikipima nikakuta bado?"

"Utaandika bado."

"Hata nikiwa mkeo?"

"Hasa ukiwa mke wangu," Fundi alisema, na kile kicheko chake chote kilikuwa kimemwishia, midomo inamcheza. "Mji huu wananisifu nikiwa mbele yao, nikigeuka naitwa Matope. Wewe peke yako umeniambia ukweli machoni, tena kwa machozi, na ulikuwa unajua unapoteza nini. Sasa nikuache wewe niende kwa nani?"

Mama Zimua alikuwa ameukumbatia mpini kwa mikono miwili, grisi imempaka gauni zima, na hakuona. "Nimekubali," alisema.

"Ngoja, mwanangu!" shangazi akapiga kelele. "Bado hatujauliza!"

"Basi ulizeni upesi."